Unga, Sayanidi na Mkojo wa Mwaka Jana

HAMISI: Tumerudi, wasikilizaji. Tuko barazani kwangu hapa Shangani, Mtwara, na huo uvumi mnaousikia ni upepo wa baharini, mashine nzima. Mtani wangu Zuhura kaja likizo kutoka Dar, anakofundisha baiokemia kwenye chuo cha udaktari. Nimemzidi miaka miwili, kwa hiyo nasubiri haki yangu.

ZUHURA: Shikamoo, mtani.

HAMISI: Marahaba! Na hilo boksi je?

ZUHURA: Karatasi za mtihani. Nimelipakata kwenye basi tangu alfajiri kama mtoto. Likizo ya mhadhiri ndiyo hiyo, unahama kiti tu.

HAMISI: Wamejibu vipi?

ZUHURA: Swali la sumu ya sayanidi wamelipata. Wanajua inakaba kimeng'enya cha mwisho kule kwenye mitokondria, jiko la nishati la seli, oksijeni ipo tele lakini seli haiwezi kuitumia. Safi kabisa. Ila ukisoma mifano yao, yote ni majasusi wa kwenye sinema. Muhogo wameutaja watatu. Siwalaumu, hata mimi nilisomeshwa hivyo hivyo. Kule kwetu Newala kulikuwa na mama anatembea kwa fimbo mbili, magoti yanagusana, na miaka yote nilidhani ni polio.

HAMISI: Kumbe konzo.

ZUHURA: Konzo, ugonjwa wa miguu unaotokana na sayanidi ya muhogo. Jina lenyewe la Kongo, kwa kabila la Wayaka, na daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu alikuwa mzima, ghafla miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Mkoa huu umeshapata milipuko, miaka ya mwanzo ya 2000.

HAMISI: Polepole, mtani. Mimi asubuhi bila muhogo wa nazi siamki.

ZUHURA: Kula zako. Nasema muhogo mchungu, tena mwaka wa ukame, maana jua likizidi na sumu inazidi, na ndio mwaka ambao watu hawana subira ya kuuloweka. Sasa sikiliza, hapa ndipo napopenda. Ndani ya muhogo kuna linamarini, ndiyo iliyobeba sayanidi, na kuna kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi. Vimetengwa, kila kimoja na chumba chake. Ukiponda, kuta zinavunjika, vinakutana, sayanidi inatoka. Nayo inachemka kwenye nyuzi 26 hivi.

HAMISI: Nyuzi 26 hapa Mtwara ni kivulini!

ZUHURA: Ndiyo, inapaa yenyewe. Lakini kimeng'enya kinataka maji. Ukikata vipande vinene ukaanika haraka, makopa yanakauka meupe, mazuri, na linamarini imebaki humo humo.

HAMISI: Mama yangu angekuuliza: sasa nifanyeje, unga ndio huu nimeshasaga?

ZUHURA: Jibu lipo, na halina mashine. Limetoka Australia, kwa Howard Bradbury na wenzake. Unatia unga kwenye bakuli, unasawazisha, unaweka alama ulipofika. Unamimina maji huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, usiogope, ongeza mpaka upande tena kwenye alama. Kisha unautandaza kwenye ungo, mwembamba, usizidi sentimita 1. Unauacha kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu unasonga ugali siku hiyo hiyo.

HAMISI: Na unajuaje imetoka?

ZUHURA: Chupa ndogo, unga kidogo, maji, na juu kikaratasi cha njano chenye kemikali ya pikrati, inayobadilika rangi ikikutana na sayanidi. Unafunga, unalala. Asubuhi kikibaki njano, heri. Kikiwa kahawia kama chai ya rangi, hapana. Kiwango cha kimataifa ni miligramu 10 kwa kilo ya unga. Usiku wa kwanza niliamka mara tatu na tochi kuchungulia, mwenyeji wangu akadhani naanga.

HAMISI: Hebu toboa ile ya jokofu.

ZUHURA: Mtani! Haya. Mwili ukipata salfa ya kutosha, kwenye dagaa, mayai, unaigeuza sayanidi kuwa thayosayaneti, ambayo sumu yake ni ndogo, na kuitoa kwa mkojo. Kwa hiyo tulikusanya mikojo kijijini, tukaiweka kwenye jokofu la nyuzi hasi 80. Wikiendi ndefu umeme ukakatika, jenereta haina mafuta, na fomu ya kuomba mafuta iko mezani kwa mtu aliye safarini. Jumanne nimefungua mlango, maji yananitiririkia viatuni.

HAMISI: Mikojo.

ZUHURA: Barafu na mikojo, na kazi ya mwaka. Nililia chooni, nikajifuta, nikaingia darasani kufundisha mzunguko wa Krebs.

HAMISI: Chuo hakikukuonea huruma?

ZUHURA: Ukitaka kupanda cheo wanahesabu machapisho. Jokofu halimo kwenye fomu. Na kurudi kijijini kuwaambia watu majibu yao, hilo nalo halina alama hata moja. Mimi naona hapo tumekosea sana. Nina wenzangu wazuri, wamechapisha kuhusu damu za watu ambao mpaka leo hawajui ilionekana nini.

HAMISI: Wewe ulirudi?

ZUHURA: Ilinibidi, nilikuwa naomba mkojo upya! Nimekaa mkekani, naeleza kibali cha maadili, fomu mpya, sahihi. Bibi mmoja ananitazama tu. Mwisho akasema, "Mjukuu wangu, wa mwaka jana mmeupeleka wapi?"

HAMISI: Ukajibu?

ZUHURA: Nikamwambia ukweli, umeyeyuka. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga, akaliweka mbele yangu. "Basi leo anza na hili. Alama naiweka wapi?"