Mafuta ya Mwani Hayatoki kwa Chai

Leo tena mnaniona na sufuria. Walionisikia Jinja wanajua kinachofuata, wanivumilie.

Tazameni jani hili. Ni wakame, mwani wa kahawia kutoka Japani. Nalitumbukiza kwenye maji yanayochemka... haya, limegeuka kijani kama sukuma! Si uchawi. Kijani kilikuwemo tangu mwanzo, kimefunikwa na rangi ya machungwa iitwayo fukozanthini, iliyoshikamana na protini. Moto umeuvunja mshikamano, kijani kikajitokeza. Sasa mama wa mbele, chungulia maji. Yamekuwa ya machungwa? Hayakuwa. Fukozanthini ni jamii ya mafuta, na mafuta na maji hayajawahi kupatana. Bado imo ndani ya jani.

Basi yule kijana wa paki ya teksi anayewauzia unga wa mwani, "koroga na maji moto, tumbo litashuka," anawauzia nini? Mtasema, "Daktari, utafiti upo." Upo! Mwaka 2005 Wajapani wa Hokkaido walionyesha kwamba fukozanthini huamsha protini inayochoma mafuta mwilini. Mwili wa panya! Nani hapa ana mkia? Tena mafuta yote ya mwani huo, fukosteroli (aina ya mafuta ya mwani) na omega-3 (mafuta kama ya samaki) zikiwemo, mara nyingi hayazidi gramu 5 katika gramu 100 za mwani mkavu. Haya, pigeni hesabu ya kijiko chenu.

Na asiniambie mtu kwamba Zanzibar wanaulima. Wa kule ni mwekundu, hununuliwa kwa ajili ya ute wa kugandishia vyakula. Ukoo mwingine kabisa.

Kinachoniudhi ni hiki. Nalubaale, ziwa letu liitwalo pia Viktoria, lina dayatomu, vimea visivyoonekana kwa macho, vyenye fukozanthini hiyohiyo na omega-3 pia. Vidudu vya majini hula dayatomu, mukene, dagaa wetu, hula vidudu. Nasi mukene tunaanika mchangani hadi mafuta yake yanuke, tunamwagia kuku, kisha tunatoa pesa kununua unga wa bahari ya wenyewe! Anikeni juu ya chanja, watakauka upesi na bila mchanga.

Nilitaka kufika kwenye iodini, madini yaliyomo kwenye mwani yanayoigusa tezi ya shingo, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye matatizo ya tezi hiyo amuone daktari kabla ya kugusa mwani, basi.

Mama, jani lishaiva. Litie kwenye binyebwa, mchuzi wa karanga, humo rangi itapata mafuta ya kuyeyukia.