JBL L100: Kapasita Mpya Kwanza, Amplifaya ya Pili Baadaye

Karibuni, watazamaji. Spika iliyolala mezani ni JBL L100 Century, iliyoingia sokoni Marekani mapema katika miaka ya 1970 kama toleo la nyumbani la spika ya studio ya 4310. Leo tutabadilisha kapasita (vifaa vidogo vinavyozuia sauti za chini na kupitisha za juu) za krosova yake, yaani saketi inayogawia kila spika ndogo ya ndani sauti zake, kisha tutaigawa ili iendeshwe na amplifaya mbili huku krosova ikibaki kazini. Naomba mfuate mpangilio huo, kwa sababu fedha nyingi hupotea kwa kununua amplifaya ya pili wakati kasoro yenyewe imo katika kapasita iliyochoka.

Kwanza, ondoeni sponji ya mbele kwa kuishika kwenye fremu, maana sponji ya umri huu humeguka vidoleni. Sasa fungueni skrubu za wufa, yaani spika kubwa ya besi. Tazameni mkono wangu wa kushoto: nimeuweka juu ya koni, ile karatasi inayotetemeka, kwa sababu sumaku ya wufa hii ya inchi 12 huivuta bisibisi ghafla, na ncha yake ikiteleza hutoboa karatasi ambayo haina mbadala wa bei nafuu. Vaeni glavu na barakoa kabla ya kugusa sufi ya nyuzi za kioo iliyo ndani.

Pigeni picha ya waya zote na mzitie alama kabla ya kukata hata mmoja. Kisha gusisheni betri ya volti 1.5 kwenye wufa kwa nusu sekunde, chanya kwenye terminali nyekundu. Mmeona koni imeingia ndani? Msidhani kwamba waya zimegeuzwa. JBL wa enzi hiyo walitumia mwelekeo ulio kinyume na spika nyingine nyingi, na anayegeuza waya za wufa peke yake ili "kusahihisha" huharibu makutano ya besi na sauti za kati.

Krosova ya spika hii ni rahisi mno: wufa haina koili (waya uliozungushwa) mbele yake, na kazi ya kuchuja hufanywa na kapasita mbili, moja ya mikrofaradi 8 na nyingine ya 3. Someni thamani zilizoandikwa kwenye zenu, kwa kuwa matoleo hutofautiana. Tumieni kapasita za polipropilini zisizo na chanya wala hasi, za volti 100 au zaidi; mikrofaradi 6.8 na 1.2 zikiunganishwa sambamba hutoa 8 kamili, na 1.5 mbili hutoa 3. Msiongeze thamani mkidhani kubwa ni bora, kwani kapasita kubwa huruhusu sauti za chini zaidi kuifikia spika ndogo isiyoumbwa kuzibeba. Kabla ya kufunga, nyunyizieni dawa ya kusafishia viungo vya umeme ndani ya vidhibiti viwili vya mbele, mkivizungusha mpaka mkwaruzo uishe.

Sasa tugawe. Toboeni nafasi ya jozi mpya ya terminali nyuma ya sanduku. Waya za wufa ziende kwenye jozi ya chini, na za krosova ziende kwenye jozi ya juu, chanya na hasi zote mbili zikiwa mbali na zile za wufa. Miaka iliyopita niliacha hasi zimeungana ndani ya spika ya mteja, naye akaunganisha amplifaya ya aina ya daraja, ambayo hasi yake si ya kuunganishwa popote. Transista zake ziliungua usiku uleule. Tangu hapo sifungi sanduku kabla multimita, kipimo cha umeme, haijathibitisha kwamba hakuna njia ya umeme kati ya jozi hizo mbili.

Amplifaya zenyewe ni heri ziwe za modeli moja. Wengi huweka ndogo juu kwa kuwa twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, haili umeme mwingi, lakini katika mpangilio huu kila amplifaya bado hupokea muziki wote, na ile ndogo hukata vilele vya mawimbi ya sauti pale besi inapopanda, hata kama besi hiyo haifiki kwenye twita. Kama ni za modeli tofauti, pigeni mlio wa hertzi 100 na mpime volti za kutoka: moja ikitoa 1.00, nyingine isipite 1.05 wala kushuka chini ya 0.95. Inayotoa volti zaidi ipunguzwe kwenye ingizo lake.

Washeni kwa sauti ya chini na mchague rekodi ya mtu anayezungumza. Ikisikika kana kwamba inatoka shimoni, rejeeni picha mliyopiga na mkague mwelekeo wa jozi ya juu. Ikiwa imekolea lakini herufi ya "s" inachoma, punguzeni kidhibiti cha twita kidogo kidogo, kwa kuwa kapasita mpya hupitisha sauti nyembamba kwa wepesi zaidi kuliko zile mlizotoa.