Mfundishe paka kutumia trei ukiishi fleti Nairobi

Karibuni tena jikoni, na leo hatupiki. Huyu mnayemsikia akilia hapa chini ni Chapo. Ni dume, ana wiki tisa hivi, ametoka kwa jirani wa ghorofa ya chini na ndiyo kwanza amefika. Leo tunamwonyesha choo chake, na wewe uliye na paka nyumbani fuata nami hatua kwa hatua.

Sisi tuko Umoja, ghorofa ya nne. Hapa hakuna bustani, na ukichungulia chini ni kokoto na pikipiki. Kwa hiyo paka akibanwa ana trei au ana kitanda chako.

Jambo moja kwanza, kwa sababu litakusaidia katika kila hatua. Kufukia uchafu ni tabia ya paka mwenyewe. Kitoto mchanga hulambwa na mama yake ndipo ajisaidie, lakini akifikisha wiki tatu au nne huanza kutafuta mahali palaini pa kuchimba. Anaangalia wapi pako pakavu, palaini na patulivu. Sasa zunguka nyumba yako kwa macho hayo uone washindani wa trei yako: rundo la nguo chafu pale pembeni, kapeti lenye manyoya, na hili gunia la sukuma wiki hapa balkoni. Udongo laini, wenye samadi! Kwa paka hiyo ni hoteli. Kazi yetu leo ni kuhakikisha trei inawashinda hao wote.

Tuanze na chombo. Si lazima ununue trei ya paka. Hili ni beseni la kawaida la kufulia, pana, lisilo na kina kirefu. Kipimo chake ni huyu paka mwenyewe: kutoka puani hadi mkia unapoanzia, kisha ongeza nusu ya hapo. Akikosa nafasi ya kugeuka, atasimama ndani halafu mkojo umwagike nje, nawe utamlaumu bure. Kitoto kama Chapo hawezi kuruka ukingo huu, kwa hiyo tunamkatia mlango. Nimepasha kisu kwenye moto wa gesi, fungua dirisha maana plastiki inatoa moshi mbaya, halafu nakata hapa mbele, upana wa kiganja. Tazama, sijakata mpaka chini, nimeacha kimo cha vidole vitatu ili mchanga usimwagike. Sasa nasugua makali na msasa. Pitisha kidole. Kikikwaruzwa chako, na tumbo lake litakwaruzwa. Mlango huu utamfaa pia paka mzee ambaye viungo vimeanza kumuuma.

Zile trei zenye paa na kijimlango siwashauri kwa kuanzia. Zinakuficha wewe uchafu, lakini harufu yote inabaki ndani na anayeingia humo ni yeye.

Sasa cha kutia ndani, na hapa tukae kidogo, kwa sababu wengi hukosana na paka wao hapa.

Mchanga wa paka wa dukani, ule wa udongo wa mfinyanzi unaogandamana ukilowa, ni mzuri sana kwa paka mkubwa: unachota donge la mkojo, basi. Lakini kitoto hupenda kuonja kila kitu, na udongo ule ukigandamana tumboni ni balaa. Subiri afikishe miezi mitatu au minne. Na ule wenye manukato ya maua, mwachie mwenye duka. Pua ya paka ni kali kuliko yako, na harufu inayokufurahisha wewe inaweza kumfukuza yeye.

Watu wengi hukimbilia mchanga wa ujenzi. Unachimbika, sawa, lakini haunyonyi. Mkojo unashuka hadi chini unakaa pale, na kwenye bedsita utajua hujui. Tena ni mzito, na wewe ndiye utakayeupandisha ngazi.

Mimi natumia maranda ya mbao. Mafundi wa samani pale Ngong Road, na hata kule Gikomba, wanayo marundo kwa marundo. Ukifika usichukue tu, uliza ni ya mbao gani. Kama wamekata zile mbao za kubandika kwa gundi, kataa. Kama ni mbao za paa zilizotiwa dawa ya mchwa, kataa pia, maana paka hulamba miguu yake. Unataka maranda ya mbao kavu, isiyo na dawa wala rangi. Ukifika nyumbani yapepete, hivi, juu ya gazeti, ule unga mwembamba udondoke, kwa sababu utampigisha chafya na utaukuta kwenye kochi. Yanayobaki ndiyo tunayotaka. Mwaga hadi kina cha vidole vitatu, karibu sentimita 5. Nayakoroga hivi kwa mkono… sikieni Chapo amenyamaza. Sauti ya kuchimbika ameshaijua.

Kwa kupitia tu: hii biashara ya mchanga wa paka si ya kale. Mwaka 1947, kule Michigan, Marekani, jirani wa kijana mmoja aitwaye Ed Lowe alimwendea kutafuta kitu cha kumwekea paka wake. Lowe akampa udongo mkavu wa mfinyanzi uliokuwa ukiuzwa kwa kunyonya mafuta sakafuni. Jirani akarudi kutaka mwingine. Kabla ya hapo watu walitumia mchanga na majivu, kwa hiyo mwenye maranda asijione mshamba.

Mahali pa kuiweka. Najua unafikiria bafuni. Lakini angalia bafu zetu: choo na bomba la kuogea viko chumba kimoja, mtu akioga sakafu yote inalowa. Paka hapendi kukanyaga maji, na maranda yakilowa yamekwisha kazi. Balkoni? Mvua ya masika ikipiga kwa upepo, trei inakuwa uji. Tena balkoni isiyo na wavu ni hatari kwa kitoto, usimwache huko peke yake. Hapa kwangu trei inakaa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kwenye pembe. Anaona anayekuja, na hakuna anayemkanyaga. Iweke mbali na sahani ya chakula kadiri nyumba inavyoruhusu. Katika bedsita, chakula kiende upande wa jiko na trei upande wa pili kabisa. Na iepushe na dirisha la barabarani. Paka akiwa amechuchumaa, matatu ipige honi chini ya dirisha, anaweza kuikimbia trei hiyo siku nyingi.

Sasa twende kwa mwanafunzi. Mwanzoni usimpe nyumba nzima, mfungie chumba kimoja chenye trei, maji na pa kulala. Halafu jua saa zake: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Chapo amekula muda si mrefu. Namwinua, namweka ndani taratibu, namwachia. Simshiki miguu kumlazimisha kuchimba, nachimba mimi kwa kidole pembeni yake, hivi. Akitoka, mwache atoke. Mrudishe baadaye.

Mmeona? Ananusa chini, anazunguka, anakwangua kwa mguu mmoja. Hizo ndizo dalili. Ukiziona akiwa kwenye kapeti, mbebe upesi bila kupiga kelele. Sasa amechuchumaa, masikio yamelala nyuma kidogo, hatuzungumzi… Amemaliza, anafukia. Anakwangua mpaka ukingo wa beseni ambao hauna hata maranda, hiyo ni kawaida. Hapo hapo, kabla hajafika mlangoni, namtuza omena mmoja. Ni omena niliyemchemsha bila chumvi wala mafuta. Ukichelewa dakika tano, atadhani umemtuza kwa kukaa kwenye zulia.

Donge la kwanza la kinyesi usiliondoe lote. Acha kidogo mpaka safari ya pili, akirudi apate harufu yake. Kuanzia hapo, usafi ni kila siku, asubuhi na jioni ukiweza. Na si suala la harufu pekee. Kuna kijidudu kinachoitwa toksoplazma ambacho paka anaweza kukitoa kwenye kinyesi, nacho huchukua siku moja hadi tano nje ndipo kiweze kuambukiza. Ukizoa kila siku unakiwahi. Mama mjamzito asizoe kabisa. Kama hana wa kumsaidia, avae glavu na anawe kwa sabuni.

Taka hizo usizitupe chooni. Maranda na udongo huziba mabomba, na msimamizi wa ploti akija kuzibua atajua ni nyumba ya nani. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo mimi naweka pakiti za unga. Ile karatasi ya kilo mbili: tia ndani, kunja mdomo mara mbili, peleka kwenye pipa. Na tafadhali usimwage kwenye gunia la sukuma kama mbolea. Hilo gunia lenyewe lifunike udongo wake kwa mawe au waya wa kuku, ili mshindani huyo aondoke mchezoni. Beseni lioshe kila wiki kwa maji na sabuni ya kawaida, likauke.

Kuna mwenzetu amemwokota paka mkubwa mtaani na hataki maranda hata kuyaona. Huyo amezoea udongo. Mpe udongo kwanza, uliojaa trei. Kisha kila baada ya siku mbili tatu punguza udongo kidogo, ongeza maranda kidogo. Ukimbadilishia ghafla atakwenda kwenye ndoo ya nguo.

Na akikojoa kitandani je? Usimpige, usimsugue pua humo. Anachojifunza ni kukuogopa, na kesho atakojoa nyuma ya kabati usikoona. Kausha kwa kitambaa kwa kubonyeza, si kusugua. Mimina siki na maji nusu kwa nusu, kausha tena, kisha nyunyiza baking soda uiache ikauke kabla ya kukung'uta. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, weka kando: ikikutana na mkojo hutoa hewa inayokaba kifua. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini, usizifulie vitu vya paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuiyeyusha sumu yake.

Kama alikuwa anatumia trei vizuri na ghafla ameacha, jiulize: trei ni chafu? Umebadilisha maranda? Umehamisha kitu? Paka dume anayenyunyizia ukutani mkia ukiwa juu, huyo hajakosa adabu, anaweka mpaka, na dawa yake ni kuhasiwa mapema, miezi mitano au sita. Lakini dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hakuna kinachotoka, zima video hii. Njia ya mkojo imeziba. Mpeleke sasa hivi kwa daktari wa wanyama, iwe kliniki ya mtaani au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Usingoje mpaka kesho, maana anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Wengi mmeniuliza kuhusu kumkalisha paka kwenye choo cha binadamu. Inawezekana. Mwanamuziki wa jazi Charles Mingus alimfundisha paka wake, Nightlife: alitumia boksi lenye vipande vya gazeti, akalisogeza polepole hadi chooni. Njia ni hiyo hiyo hadi leo: sogeza, inua, halafu toboa tundu na kulipanua. Mimi sishauri. Unamnyima kuchimba, anasimama kwenye ukingo unaoteleza, na mkojo wake hutauona tena, kwa hiyo ile dalili ya kuziba niliyoisema itakupita. Na ploti nyingi zina choo cha kuchuchumaa, na maji yenyewe ni ya mgao.

Swali la mwisho ni la paka wawili. Kanuni ni trei moja kwa kila paka na moja ya ziada, kwa hiyo wawili ni trei tatu, tena sehemu tofauti, si zimepangwa pamoja, kwa sababu mkubwa atamzuilia mdogo njia. Kama bedsita yako haina nafasi ya trei tatu, basi chukua paka mmoja.