Bibi Alikuwa Anahesabu Kanga

SALIM: Asalam aleikum, habari zenu popote mlipo, karibuni tena. Mimi Salim, niko na da Rehema kama kawaida, ila leo da Rehema haulizi maswali, leo anaulizwa yeye. Kila wiki tunaleta habari za watu wengine wakati huyu hapa katoka zamu ya usiku leo asubuhi, ni nesi wa emejensi, na mi naona hiyo kazi watu wanaiona mlangoni tu wakileta mgonjwa. Shikamoo dada.

REHEMA: Marahaba mdogo wangu. Hamjambo wote.

SALIM: Sasa wasikilizaji mjue kitu kimoja, mi na da Rehema bibi yetu mmoja. Yeye mtoto wa mjomba wangu. Bibi alikuwa Pangani, ng'ambo ya mto, upande wa Bweni ukiingia ndani kidogo. Mi nilikuwa naenda likizo tu, dada ndo kalelewa pale. Na bibi alikuwa mkunga. Tuanzie hapo?

REHEMA: Tuanzie hapo hapo, maana watu wakiniuliza umefikaje emejensi wanategemea nitaje chuo. Chuo nimesoma ndiyo, lakini mi nimeanza kwenye baraza la bibi nikiwa na miaka kama kumi hivi, kazi yangu kuchemsha maji na kushika koroboi. Halafu kazi nyingine, hii hujawahi kuijua Salim, kazi nyingine ilikuwa kuhesabu kanga.

SALIM: Kuhesabu kanga?

REHEMA: Ndiyo. Mzazi akishajifungua, kondo likishatoka, bibi anamwekea kanga chini. Zilikuwa kanga kuukuu, laini, zimefuliwa zimeanikwa juani, amezikunja pembeni. Ile ya kwanza ikilowa anabadilisha hasemi kitu, anasugua tumbo hapa chini ya kitovu, anasugua kwa nguvu mpaka anasikia kizazi kimekuwa kigumu kama chungwa, alikuwa anasema hivyo, kama chungwa, na mtoto anawekwa kwenye ziwa saa hiyo hiyo anyonye. Ya pili ikianza kulowa ananiuliza, Rehema ya ngapi hiyo? Nikisema ya pili bibi, basi hapo hapo ananituma nikaite vijana walete kitanda. Hasubiri ya tatu. Hata mwenye mgonjwa aseme subiri kidogo tuone, hata mama mkwe agombe, yeye hasubiri.

SALIM: Kitanda cha kamba kile.

REHEMA: Kile kile. Wanambeba mabegani mpaka mtoni, usiku kivuko hakuna, kwahiyo anaamshwa mtu mwenye mtumbwi, mnavuka na koroboi mpaka mjini Pangani, hospitali. Mto Pangani pale mdomoni unajua ulivyo mpana, maji ya bahari yakiwa yanapanda mnapelekwa pembeni. Mi nimevuka nao mara moja. Yule mama alikuwa ameanza kupiga miayo. Bibi kamshika mkono njia nzima anamsemesha, na mi nikamsikia anamwambia mwenye mtumbwi kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu huyu anapiga miayo, vuta kasia." Sikuelewa kwanini miayo. Nilidhani ana usingizi, maana usiku.

SALIM: Alipona?

REHEMA: Alipona. Yeye alipona. Ngoja, hiyo miayo nitairudia.

SALIM: Sawa. Ila dada nikuulize swali gumu kidogo, maana kuna mtu atasikiliza hapa aseme nyie mnawasifia wakunga wa jadi wakati akina mama wamekufa majumbani. Wizara yenyewe inasema kila mtu akajifungulie kituoni.

REHEMA: Na wizara iko sahihi. Mi nasema wazi kabisa, kama una mimba nenda kituo cha afya, usije ukanisikia mimi hapa ukabaki nyumbani. Bibi mwenyewe miaka yake ya mwisho alikuwa hazalishi tena, alikuwa anawasindikiza. Na alikuwa anakosea pia, mwanzoni kitovu cha mtoto alikuwa anapaka majivu, hivo ndo alivyofundishwa na mama yake. Halafu serikali ikawa inawapa mafunzo wakunga wa jadi, akapewa kiboksi cha wembe mpya, uzi na sabuni, akaambiwa majivu basi. Mtu mzima, miaka hamsini na kitu, aliacha siku ile ile. Mi nimefanya kazi na watu wana digrii ukimwambia hii protokoli imebadilika ananuna wiki nzima. Bibi hakununa, alirudi nyumbani akamwaga yale majivu.

SALIM: Hiyo sikuijua.

REHEMA: Ulikuwa Dar.

SALIM: Haya, tuje kwenye njia sasa. Kuna vijana wanataka kuwa manesi, waambie ulipitaje.

REHEMA: Nilimaliza fomu foo, nikaenda stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka 3. Kwa anayeuliza, fomu foo unatakiwa uwe umefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia, usije ukaacha sayansi halafu ukasema unataka unesi. Mwingine anapita fomu siksi anachukua digrii, miaka 4, halafu mwaka mmoja wa intanishipu. Unasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, unapewa leseni, na leseni unaihuisha, sio ukipata umepata. Basi. Hiyo sehemu haina hadithi ndefu, ni kusoma tu na kukosa usingizi.

SALIM: Na emejensi? Maana nakumbuka ulianza leba, wodi ya kujifungulia.

REHEMA: Leba ndiyo, si ndo nilikuwa nataka niwe kama bibi. Nilikaa leba miaka kadhaa. Sasa uelewe, wakati mi naanza kazi hii emejensi kama unavyoijua haikuwepo. Mgonjwa anafika anapelekwa kasoti, yale mapokezi ya wagonjwa wote, anapanga foleni na mwenye mafua, aliyetangulia kufika ndo anatangulia kuonwa, au mwenye ndugu wa kupiga kelele. Mwaka 2010 pale Muhimbili ndo ikafunguliwa idara ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina ile kwenye hospitali ya umma hapa kwetu, na mwaka huo huo madaktari wakaanza kusomea ubingwa wa dharura nchini. Kutoka hapo ndo mambo yakaanza kusambaa kwenye hospitali za rufaa. Na sisi tulipofunguliwa yetu wakaomba manesi wa kuhamia, watu wanaogopa, mi nikaenda.

SALIM: Kwanini?

REHEMA: Nilienda semina ya siku chache, mwalimu akasimama akatuambia, hapa hatuangalii nani kafika kwanza, tunaangalia nani hawezi kusubiri. Akaleta zile rangi, nyekundu, njano, kijani. Nyekundu anaingia saa hiyo hiyo, njano anasubiri kidogo huku unamcheki, kijani anasubiri. Wenzangu wanaandika, mi nimekaa tu natetemeka, kwasababu yale yale nimeyaona barazani Pangani. Siku ya kliniki ya bibi, maana wanakuja mpaka wamama sita, anatoka nje anawaangalia tu usoni na miguuni, anamwita wa mwisho aliyekaa chini ya mwembe anamwambia njoo wewe. Wa kwanza wananung'unika. Yule wa mwembe miguu imemvimba, anasema kichwa kinamuuma na macho anaona vimulimuli. Unajua hiyo ni nini? Kifafa cha mimba kinakuja hicho. Bibi hana mashine ya presha hata moja, na kamwita wa kwanza.

SALIM: Mungu amrehemu.

REHEMA: Amin. Sasa miayo. Wiki zangu za mwanzo emejensi, usiku, wanaleta kijana wa bodaboda. Ameanguka, paja limevunjika, limevimba, ila damu nje hamna, mchubuko tu wa goti. Anaongea vizuri, anauliza pikipiki yangu iko wapi. Mi nimetoka leba, kwangu damu ni ile unayoiona, na macho yangu yanatafuta kanga iliyolowa na hakuna. Nikampa njano. Nikaenda kwa mtoto mwenye degedege. Narudi yule kijana ananiambia sista naomba maji, halafu akapiga mwayo. Nikasimama. Akapiga mwingine.

SALIM: Enhe.

REHEMA: Nikasikia ile sauti ya bibi kabisa, huyu anapiga miayo. Nikamshika mkono, baridi, jasho jembamba, mapigo yanakimbia mia na thelathini na kitu. Nikapiga kelele nyekundu! nyekundu!, tukamkimbiza ndani, dripu mbili mikono yote, oksijeni, paja tukalivuta tukalifunga, damu ikaagizwa. Paja moja likivunjika linaweza kuficha lita nzima ya damu na zaidi, ndani huko kwenye nyama, nje usione tone. Hiyo nilikuwa nimeisoma darasani na nimeifaulia mtihani, ila sikuwa naijua. Kijana alipona. Lakini mi nilikaa na ile njano yangu siku nyingi, nilimweka njano mtu ambaye alikuwa nyekundu, na tangu siku ile kila mtu wa ajali namshika mkono kwanza kabla sijamuuliza jina.

SALIM: Na miayo ni kwanini hasa?

REHEMA: Damu ikipungua mwili unakosa oksijeni ya kutosha, unaanza kuhangaika, kiu, miayo, kutotulia, mtu anataka kuinuka. Kiu na kutotulia nimevikuta kwenye vitabu vizuri tu. Mwayo alinifundisha bibi.

SALIM: Halafu uliniambia juzi kuna utafiti wa zile kanga.

REHEMA: Huo nauongelea kila mahali mpaka wenzangu wamechoka. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa, hospitali 80 kwenye nchi 4, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa hapa Tanzania. Walichofanya sio mashine ya mabilioni. Mzazi akijifungua wanamwekea chini plastiki fulani ina mfuko wenye mistari, damu inaingia mle, unasoma imefika wapi, kwasababu tukikadiria kwa macho tunakosea, tunakadiria kidogo kuliko ilivyo. Ikifika kiwango husubiri, unafanya vyote kwa pamoja, unasugua kizazi, unampa dawa ya kukaza kizazi, dawa ya kugandisha damu, dripu, unamkagua, na ikigoma unaita msaada mkubwa. Yale matatizo makubwa ya kutoka damu yakapungua kwa asilimia 60. Sitini, Salim! Mi nilisoma nikalia. Nikaona zile kanga zimekunjwa pembeni, na mi nimeshika koroboi.

SALIM: Kanga yenye mistari.

REHEMA: Na mtu wa kuuliza ya ngapi hiyo, ndo kazi yenyewe.

SALIM: Kwa anayetusikiliza yuko kijijini sasa hivi, mtumbwi bado ndo huo huo?

REHEMA: Kuna namba 115, ya bure, ule mfumo wa m-mama, ulizinduliwa kitaifa 2022. Mama mjamzito, aliyejifungua, au kichanga, ana dharura, unapiga 115 wanatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo wanampata dereva wa kawaida aliyesajiliwa huko huko, analipwa na mfumo, hakuombeni hela nyie. Iandikeni ukutani. Na Pangani walianza kujenga daraja, hiyo bibi angesikia angesema niletewe kiti nikae nilitazame.

SALIM: Dada, bibi aliwahi kukuona kazini?

REHEMA: Mara moja. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imejaa maji, anahema kwa shida kiasi. Wakamleta ni zamu yangu. Nikampima kama ninavyompima mtu yeyote, nikatoka na njano. Bibi yangu mimi, njano. Akawekwa kwenye kiti na oksijeni, na mara kaingizwa mtoto amekunywa mafuta ya taa anakohoa midomo imebadilika rangi, tukampita bibi tukakimbia na yule mtoto. Shangazi akaanza kugomba pale, mama yangu amefika kabla, na huyu nesi ni mjukuu wake! Nikasikia bibi anatoa ile barakoa mdomoni anamwambia, "Wewe nyamaza, hujamwona yule mtoto midomo?" Akairudisha barakoa.

SALIM: Hapo mama yangu ndo alikuwa anagomba?

REHEMA: Hapana, shangazi mkubwa. Mama yako alikuwa analia nje.

SALIM: Haya.

REHEMA: Alilazwa siku nne. Siku ya kutoka akaniomba nimwonyeshe ile dawa ya damu. Anayoijua ni kwa kusikia tu, kwamba hospitali wana sindano inakaza kizazi. Nikampeleka nikafungua friji, ile dawa inakaa kwenye baridi, nikatoa kichupa kimoja nikamwekea kwenye kiganja. Ni kidogo Salim, mililita moja, kinapotea kwenye mkono. Akakigeuza geuza. Akasema, "Hiki tu?" Nikamwambia hicho tu bibi. Akakaa kimya, halafu akaanza kutaja majina, ya wale wamama ambao mtumbwi haukuwahi. Anawajua wote, na jina la mume, na mtoto aliyebaki anaitwa nani. Alitaja watatu. Mi nimesimama friji iko wazi inapiga kelele, siwezi kumwambia kitu.

SALIM: ...

REHEMA: Nikamwacha amalize, ndo nikamwambia bibi inabidi irudi kwenye baridi. Akanipa. Akaniuliza friji inafungwa na ufunguo? Nikasema ndiyo. "Ufunguo anakaa nao nani usiku?" Nikamwambia mimi. Akasema haya twende.