Ile Namba Siyo Bili

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana wa huko nyuma mambo vipi. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na mimi namjua, ikifika ya ishirini na moja ataanza kunionyesha saa, kwa hiyo sielezi kwa kirefu Ofgem, wale wasimamizi wa soko la umeme na gesi, wala kwanini gesi ilipanda hapa Uingereza, hayo mnayajua, mmeyalipia. Nimekuja na jambo moja. Lile lile. Walionisikia mwaka jana wanaruhusiwa kwenda kusaidia jikoni.

Ile hela inayokatwa benki kila mwezi na kampuni ya umeme na gesi, ile dairekti debiti, siyo bili. Narudia, maana kuna mtu hapa ameitikia kwa kichwa na akifika nyumbani atasema "bili yangu ni pauni 140 kwa mwezi". Siyo bili. Ni makadirio. Kuna kompyuta mahali imebashiri mwaka mzima utatumia yuniti ngapi, ikazidisha kwa bei, ikajumlisha ile ada ya kila siku, ikagawa kwa kumi na mbili, halafu ikachungulia kama akaunti yako ina salio au deni, ikapunguza au ikaongeza. Basi. Hesabu ya darasa la tano hiyo. Kugawa kwa kumi na mbili hawakosei, wanakosea ile namba ya kwanza kabisa, yuniti ngapi, na ndiyo hiyo hakuna anayeiuliza wameitoa wapi.

Nikupeni kisa changu, wengine mmeshakisikia, mtavumilia.

Mwaka 2020 nilihamia nyumba ninayokaa sasa, mimi na mke wangu tu, watoto wameshaenda zao. Mita ya umeme ipo chini ya ngazi, nyuma ya mafagio na ndoo ya unga, nikawa naisoma na kutuma namba kila baada ya miezi miwili mitatu, nikajiona raia mwema. Mita ya gesi sikuwahi kuiona. Nje ukutani kuna kiboksi cheupe cha plastiki kina kitundu cha pembetatu, miaka miwili napita pale na mifuko ya takataka nikidhani ni cha watu wa intaneti. Debiti yangu ilikuwa pauni 71. Nalipa, nalala.

Aprili 2022 ikaja barua pepe. Kwa upole kabisa, na picha ya familia inacheka kwenye kochi, wananiambia kuanzia mwezi ujao ni pauni 200.

Nikasema sawa, vita, gesi imepanda, kila mtu analia. Ila nikakaa na kalamu. Mwezi ule ukomo wa bei, ile bei ya juu kabisa ambayo Ofgem wanairuhusu, ulipanda kwa asilimia 54, kutoka pauni 1,277 kwa mwaka kwenda 1,971 kwa ile nyumba ya mfano wanayoitumia. Sasa 71 yangu ukiiongezea asilimia 54 unapata 109. Hiyo 91 nyingine imetoka wapi? Nikapiga simu. Nusu saa ya muziki. Akapokea binti mstaarabu sana, nikamuuliza, akasoma kwenye kioo chake akaniambia "haya ndiyo matumizi ya nyumba yako kwa mwaka, gesi yuniti 16,000".

Matumizi ya nyumba! Jamani nyumba haiogi. Nyumba haipiki maharage. Wanaooga ni watu, na watu waliokuwa wanaoga mle kabla yangu walikuwa sita na mtoto mchanga, boila inanguruma asubuhi mpaka usiku. Wakahama wao, makadirio yao yakabaki kwenye mita kama harufu ya mafuta jikoni, na mimi na mke wangu tukarithi tabia ya watu ambao hata majina yao hatuyajui. Nikatoa bili za nyuma, kweli, pembeni ya kila namba ya gesi kuna kiherufi E, yaani wamekadiria, E, E, E, miaka miwili, na mimi nilikuwa naangalia namba kubwa ya chini tu.

Nikatoka nje na bisibisi, ufunguo wake sina, nikakichokonoa kile kiboksi kikafunguka. Buibui. Nikamulika na simu, nikaona namba tano nyeusi halafu nukta halafu nyekundu, zile nyekundu huzisomi, nikapiga picha nikatuma. Sasa sikilizeni hesabu ilivyokuwa. Matumizi yetu halisi ya gesi yalikuwa 8,000, nusu ya walichobashiri. Kwa bei ya wakati ule, peni 7 yuniti ya gesi, hiyo ni pauni 560 kwa mwaka badala ya 1,120. Umeme wetu yuniti 1,900 kwa peni 28, pauni 532. Ada ya kila siku ya umeme na gesi pamoja peni 72, kwa mwaka inakaribia 263. Jumlisha gawa kwa kumi na mbili, 113. Wao kwa gesi yao ya kubashiri walipata 160. Bado hatujafika 200, si ndio? Ile 40 iliyobaki ilikuwa "deni". Walisema nadaiwa 490 za nyuma, nilipe kidogo kidogo kwa mwaka mmoja. Na hilo deni limetoka wapi? Kwenye makadirio yale yale! Yaani kosa moja limenipiga mara mbili, mara ya kwanza kwa gesi ya mbele ambayo sitaitumia na mara ya pili kwa gesi ya nyuma ambayo sikuitumia. Walipokokotoa upya kwa namba halisi ikaonekana sidaiwi hata peni, nina salio la pauni 70. Debiti ikashuka ikawa 107. Kutoka 200. Kwa picha moja ya buibui.

Na msidhani ni mimi tu mwenye nuksi. Msimu ule ule Ofgem walizikagua kampuni wakakuta kati ya Februari na Aprili 2022 wateja zaidi ya 500,000 walipandishiwa debiti kwa zaidi ya asilimia 100. Bei imepanda 54, debiti imepanda 100. Wengine walikuwa na sababu za kweli, mkataba wa bei nafuu umeisha, deni la kweli. Lakini nusu milioni wote?

Dada yangu yuko Morogoro, nilimhadithia hiki kisa akaniuliza swali moja tu, "kwa hiyo unawalipa umeme ambao hujautumia?" Nikamwambia ndio. Akacheka mpaka akakata simu. Yeye ana LUKU, lipa umeme kadri utumiavyo, ananunua tokeni anaingiza namba basi, sisi huku ulaya tuliko na akili tunalipa umeme kadri wanavyodhani tutautumia. Haya, najua kuna mtu atasema LUKU nayo inakata kodi ya jengo kabla hujapata hata yuniti moja, ni kweli tangu 2021, lakini ile kodi angalau unajua ni shilingi ngapi, haibashiriwi kwa kuangalia mpangaji aliyehama.

Sasa kuna wale watasema, si uhame basi uende mita ya kadi, ile ya kulipa kwanza kama LUKU? Naona mzee pale ameshafungua mdomo. Mzee wangu, mita ya kadi na ya funguo zipo na wapo zinaowafaa, lakini Januari gesi yote ya baridi unailipa Januari hiyo hiyo, na ukiwa na deni wanalikata humo humo unapoongeza hela, hela ikiisha nyumba inakuwa jokofu. Mimi sipingi kulipa sawasawa kila mwezi. Kulipa sawasawa ni kitu kizuri, hasa kwa mtu wa mshahara. Ni mchezo ule ule wa kina mama, wa upatu. Kiangazi hita zimezimwa unatoa hela kuliko unavyokula, salio linapanda, ikifika Oktoba ndio zamu yako ya kupokea, unaanza kulila taratibu mpaka Machi. Kwa hiyo ukiona Septemba una salio la pauni 200 usishtuke, na Machi ukiona deni dogo usishtuke, hasa kama ulijiunga Oktoba ukaanza na baridi mfuko ukiwa mtupu.

Ila upatu una kijumbe. Na kina mama hapa watanisaidia, kijumbe anayepokea kila mwezi na zamu yako haifiki tunamwitaje? Asanteni. Salio likikaa mwaka mzima bila kushuka, Machi umetoka kwenye baridi na bado una pauni 300 kwao, huo siyo mchezo tena, hapo umemkopesha tajiri bila riba. Na vijumbe walishatoroka, tuliwaona. Kuanzia 2021 mpaka 2022 zilianguka kampuni karibu 30, baadhi zilikuwa zinaendeshea biashara kwa salio la wateja, nyingine zilikuwa zinakuvuta kwa bei ya kutupa ili ulete debiti yako mapema. Salio la wateja lililindwa, lilihamia kampuni mpya, sitaki mtu atoke hapa na hofu. Lakini gharama ya kulilinda ilisambazwa kwenye bili za nchi nzima. Ulilipa wewe ambaye hata hukuwa mteja wao.

Mwenyekiti nimekuona. Dakika tano.

Haki yako ni hii, na muishike hivyo hivyo maana kolsenta wengine hawaijui. Kwenye leseni ya kila kampuni kuna sharti namba 27, linasema debiti ya kiasi kimoja ipangwe kwa taarifa bora na za karibuni zaidi walizonazo, na wakueleze kwa lugha ya kueleweka wameifikiaje. Wakueleze! Siyo "mfumo ndio umeweka". Kwa hiyo ukipiga simu usianze na "mbona mmenipandishia", utapewa hadithi ya soko la dunia. Anza na namba ya mita uliyoisoma leo, halafu uliza, mmekadiria yuniti ngapi za umeme na ngapi za gesi kwa mwaka, na kwenye hii hela kuna deni kiasi gani. Halafu nyamaza. Mwache akokotoe mkiwa wote kwenye simu. Na salio lako ukilitaka liombe, ni hela yako, wakikataa lazima watoe sababu ya maana.

Watu wa smati mita, zile zinazotuma namba zenyewe, mnajifanya hayawahusu. Nyingine zile za mwanzo ukihama kampuni zinakufa ganzi, zinaonyesha namba lakini hazitumi kitu, na hata inayotuma vizuri haimaanishi debiti imerekebishwa, namba zinaenda kila siku ila debiti wanaipitia pale wanapoona wao.

Na ukomo wa bei, jamani, nimechoka na hili. Ukomo ni wa bei ya yuniti na ada ya siku. Siyo ukomo wa bili yako. Wakitangaza pauni elfu moja na mia kadhaa ni kwa nyumba ya mfano, ambayo Oktoba 2023 waliiwekea umeme yuniti 2,700 na gesi 11,500 kwa mwaka. Ukitumia zaidi utalipa zaidi, hakuna polisi wa kuja kukuzuia kwenye hiyo namba waliyotangaza. Unabadilika kila miezi mitatu pia, ndiyo maana debiti nayo inachezacheza.

Mengine haraka haraka. Usikimbilie kuifuta debiti benki kwa hasira, wanaweza kukuhamishia bei ya wanaolipa kwa bili ambayo ni ghali zaidi, na deni linabaki pale pale. Kwanza lalamika kwa maandishi, wiki 8 zikipita bila suluhisho nenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya umeme na gesi, ni bure. Wakikuletea bili ya gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita ambayo hawakuwahi kukutoza kwa kosa lao, hawaruhusiwi, waambie hivyo. Kuna aina ya debiti ya kulipa ulichotumia mwezi huo tu, inaitwa ya kubadilika, iulizieni, ni LUKU ya kizungu, ila mjipange na Januari. Na ukihama nyumba, piga picha mita zote mbili siku ya kutoka na siku ya kuingia. Siku ya kuingia hasa! Mimi ningefanya hivyo nisingekuwa na kisa cha kuwachosha nacho leo.

Nilitaka kusema pia habari ya wapangaji ambao umeme upo kwa jina la mwenye nyumba, lakini hiyo inataka mhadhara wake na naona pilau limeshaanza kupita. Dada yangu mwenye koti jekundu, nimekuona umeshika simu unahesabu, njoo tuhesabu wote.

Zile funguo za pembetatu za kufungulia viboksi, nimekuja nazo tano. Nilinunua duka la vifaa vya ujenzi, hazifiki hata bei ya chipsi. Wa kwanza kunionyesha bili yenye herufi E anachukua.