Nyufa za Olkaria: tazama mwanzo wa wimbi kabla ya kuiamini programu

Ndugu zangu, sitaeleza kwa kirefu wimbi la tetemeko la P, linalosukuma na kuvuta mwamba kuelekea linakokwenda, wala la S, linaloutikisa kwa kukingama na mwendo wake; hayo mnayajua. Naanza na lile ninalolirudia kila nikipewa nafasi: miamba ya Olkaria, eneo la visima vya mvuke wa jotoardhi nchini Kenya, haipitishi mawimbi kwa kasi moja kila upande. Wimbi la S likiingia kwenye trakaiti, mwamba wa volkano, yenye nyufa zilizosimama wima, hugawanyika. Mtikisiko unaokwenda sambamba na nyufa hutangulia, unaozikata huchelewa. Wa kwanza hutuonyesha nyufa zinaelekea wapi. Muda wa kuchelewa hutuambia zimesongamana kiasi gani.

Tupige hesabu. Tetemeko dogo liko kilomita 4 chini ya kituo cha kupimia, kasi ya S ni kilomita 2 kwa sekunde. Safari ni sekunde 2, na tofauti ya asilimia 4 kati ya mitikisiko hiyo miwili ni milisekunde 80. Kifaa kinachorekodi mara 100 kwa sekunde kinaiona hiyo kwa nukta 8 tu. Wekeni 250.

Sasa programu ya kompyuta inayopima mgawanyiko huo. Inazungusha rekodi mbili za mlalo (ya kaskazini-kusini na ya mashariki-magharibi) digrii moja moja na kusogeza moja nyuma, mpaka mwendo uliokuwa na umbo la yai uwe mstari mnyoofu. Hapo watu hufunga kompyuta. Jamani, msifunge! Wimbi la hezi 5, yaani mitikisiko 5 kwa sekunde, lina mzunguko wa milisekunde 200, nusu yake 100. Toa 80, inabaki 20. Ukigeuza mwelekeo kwa digrii 90 na kusogeza milisekunde 20, mstari unanyooka vilevile! Nyufa za kaskazini-kusini zimeshaandikwa mashariki-magharibi. Kisima kinapindishwa kuelekea kaskazini ili kizikate, kumbe kinateremka sambamba nazo, na mvuke unabaki pembeni.

Mtu ataniambia, "Lakini programu imetoa kosa la digrii 3 tu." Kosa hilo linapima mstari umenyooka kiasi gani. Halijui kama ndio mstari wenyewe.

Chora mwendo wa ardhi, utazame milisekunde 80 za kwanza, kabla wimbi la pili halijafika. Ardhi inatikisika upande mmoja tu. Huo ndio upande wa nyufa. Kisha chuja upya kwa masafa mengine. Ile 80 ya kweli haisogei. Ile 20, mzunguko ukiwa milisekunde 240 (nusu yake 120, toa 80), inakuwa 40.

Na wimbi lisipogawanyika, usiandike "hakuna nyufa". Huenda tangu mwanzo lilitikisika sambamba nazo, au kuzikata moja kwa moja.

Muda unanibana. Matetemeko yanayofika kwa pembe inayozidi digrii 35 kutoka wima yaacheni. Uso wa ardhi wenyewe unapotosha mwendo. Dira isomeni mbali na gari na mabomba ya visima, kwani kifaa kilichoelekezwa vibaya kwa digrii 10 kinapotosha mwelekeo wa nyufa zote kwa digrii 10.