Milisekunde 16: Pa Kugusa Gemu Inapokwama

Habari za mchana. Naona wengi mmekuja na laptopu, na kule nyuma kuna kijana kabeba CPU nzima na monita yake. Karibu sana, wewe tutakupa meza ya peke yako.

Leo tunatafuta kwa nini gemu inakwama, na nitatumia moja tu, Minecraft toleo la Java. Wengi humu mmeicheza, au mna mdogo wenu anayewanyang'anya laptopu kwa ajili yake. Tena ni gemu yenye hila. Ukiitazama ni vitofali vitupu, unadhani hata kompyuta ya steshenari itaimudu. Ingia sasa, geuza shingo kidogo: picha inaganda, halafu inaruka. Hapo mtu anakimbilia seting, anashusha kila kitu mpaka mwisho, dunia inakuwa haitamaniki, na kuganda kuko palepale. Ameshusha visivyohusika.

Tuanze na ile namba inayopendwa, fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kompyuta inachora kila sekunde. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu imepewa milisekunde 16 na ushee. Ndani ya muda huo kompyuta isome kibodi na mausi, ikokotoe kilichobadilika, ichore, ipeleke kwenye skrini. Ikichelewa, jicho linakamata.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye kiini. Chukua sekunde moja. Fremu 59 zimechorwa kwa milisekunde 10 kila moja, na moja imechukua milisekunde 410. Jumlisha: 590 na 410 ni sekunde kamili. Kaunta itakuandikia 60, namba safi kabisa, na wewe uliyekaa mbele ya skrini umeona mshtuko wa karibu nusu sekunde. Ni kama kusema daladala 60 zimepita kituoni ndani ya saa moja. Kama zilipita zikifuatana zote mwanzoni, aliyefika baadaye haimsaidii kitu. Hata watu wanaopima kadi za grafiki kwa kazi walichelewa kulikomalia jambo hili. Mwaka 2011 Scott Wasson wa The Tech Report alianza kuchapisha vipimo vya muda wa kila fremu badala ya kutegemea wastani, na tangu hapo upimaji ukabadilika. Kwa hiyo mtu akikuambia "yangu inapiga 90", muulize inashuka mpaka ngapi.

Kwenye matoleo mapya ya Minecraft, bonyeza F3, kisha F3 pamoja na namba 2. Tazameni hapa kwenye ukuta. Grafu ile ya chini kushoto ni muda wa fremu, kila mstari fremu moja. Nasimama: mistari mifupi, imelingana. Naanza kukimbia kuelekea sehemu ambayo sijawahi kufika... mmeona ule mmoja uliochomoza? Ndio huo mliousikia mkononi. Tunautafuta huo, kaunta tuiache.

Kabla hujagusa kitu, jua nani anachelewesha: prosesa au grafiki. Toa gemu kwenye skrini nzima, kisha bana dirisha liwe dogo. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili. 1280 kwa 720 haifiki hata milioni moja. Kazi ya kupaka rangi imepungua zaidi ya nusu. Kama fremu zimepanda, grafiki ndiyo iliyolemewa, na kushusha ubora wa picha kutakusaidia. Kama hakuna kilichobadilika, prosesa ndiyo inayohema, na unaweza kuzima mawingu na vivuli mpaka kesho usipate kitu. Minecraft ya Java mara nyingi iko upande huo wa pili.

Sasa mstari wa Render Distance, upeo wa kuona. Dunia ya Minecraft imegawanywa vipande vya vitofali 16 kwa 16, na tangu toleo 1.18 kila kipande kina kimo cha vitofali 384. Ukiweka upeo 8, haimaanishi vipande 8. Ni 8 kila upande pamoja na kile ulichosimama; ukihesabu kama mraba, ni 17 mara 17: vipande 289. Ukiweka 16 ni 33 mara 33: vipande 1,089. Umeongeza upeo mara mbili, umejitwika kazi karibu mara nne. Ukivuta mpaka 32, kama wanavyofanya wale wa video, ni vipande 4,225. Ndiyo maana kushuka kutoka 16 hadi 10 kunaleta nafuu ambayo kuzima mawingu hakutaleta kamwe. Ningekuwa na ruhusa ya kugusa kitu kimoja tu, ningegusa huo na kuwaachia majani na maji yenu yapendeze.

Swali? Ndiyo, dada. Anasema kwake picha inakwenda laini, ila anavunja tofali, linarudi, halafu linavunjika tena.

Asante, umenirahisishia. Hapo fremu hazina kosa. Hata ukicheza peke yako, ndani ya gemu kuna seva ndogo inayoendesha dunia: wanyama, mazao, maji yanayotiririka. Inapiga hatua 20 kwa sekunde, kila hatua milisekunde 50. Ikilemewa, mtazamo wako unabaki laini lakini dunia inachelewa kukujibu. Dawa yake ni mstari ulio karibu na ule wa Render Distance, unaoitwa Simulation Distance, ambao unaamua dunia iwe hai hadi umbali gani kutoka ulipo. Ushushe mpaka 5 ujaribu. Una zizi la kuku?

(Kicheko.)

Basi punguza na kuku. Sifanyi mzaha, kila kuku anahesabiwa. Kama tofali linarudi ukiwa kwenye seva ya mbali, hiyo ni habari ya mtandao, na hakuna seting ya picha inayoitibu.

VSync, ile seting ya kuzifanya fremu zifuate mwendo wa skrini, nitaipitia haraka. Ukiizima, picha inaweza kuonekana imekatika katikati. Ukiiwasha, fremu inasubiri zamu ya skrini, na skrini ya 60 inatoa zamu kila milisekunde 16.7. Fremu ya milisekunde 20 imekosa zamu, inangoja inayofuata, na mchezo unashuka hadi 30, unapanda, unashuka. Kwa laptopu dhaifu napendelea kuifunga gemu kwenye namba inayoweza kuishikilia bila jasho, hata kama ni 40. Inayotembea 40 muda wote inachezeka kuliko inayoruka kati ya 90 na 35. Pia feni itapumua.

Ramu. Wengi mnaambiana "ipe Java ramu nyingi", Java ikiwa ni programu inayoiendesha gemu hii. Ukiwa na GB 8 ukaipa Java 6, Windows inabaki kubanana na kuanza kuhamishia vitu kwenye diski, na hapo kuganda kunakuwa kwa sekunde. Zaidi ya hayo, Java husafisha kumbukumbu yake yenyewe kila baada ya muda, na usafi huo ukikusanyika unatoa ule mstari mrefu kwenye grafu. Kwa Minecraft isiyo na modi nyingi, yaani nyongeza za kubadilisha gemu, GB 2 hadi 4 inatosha.

Kilicho muhimu zaidi ni idadi ya vijiti vya ramu. Laptopu za mtumba za maofisini, hizi nyingi zinazotufikia kupitia Dubai, hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Grafiki imo ndani ya prosesa na inachota ramu ileile. Kijiti kimoja cha ramu ya aina ya DDR4-2400 kinapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Viwili vinavyofanana vinapitisha 38.4. Nafasi ya pili mara nyingi iko wazi. Vijiti viwili vya GB 4 vitakufaa kwenye gemu kuliko kimoja cha 8, na fundi asikubishie. Hizo programu zinazojiita za kuongeza kasi ya gemu ziondoeni. Zinakula ramu mnayoitafuta.

Wenye laptopu za grafiki mbili, ingieni seting za Windows, sehemu ya Display kisha Graphics, muiambie Java itumie ile yenye nguvu. Wengine mmenunua kadi nzuri na imelala tu.

La mwisho ni joto. Gemu ikianza vizuri na kudorora baada ya dakika kumi, msiguse seting yoyote. Prosesa imepata moto na imejipunguzia kasi isiungue. Chaja iwe imechomekwa, laptopu itoke kwenye godoro, vumbi litolewe, pesti ya joto ibadilishwe kama imekauka. Za namna hiyo nataka tuanze nazo, maana zinachukua muda kufungua. Nani ana bisibisi ndogo ya nyota?